Mrejesho: orodha za kuangaliwa zimenipunguzia kelele

Assalaam alaykum wakubwa. Mimi ndiye niliyeuliza mwezi uliopita: niko peke yangu kitengo cha kompyuta kwenye hoteli moja huku Nungwi, Microsoft Sentinel (mfumo wa Microsoft wa kufuatilia usalama wa kompyuta) inanimwagia tahadhari kutwa, nianze na ipi? Mkanambia nitengeneze orodha za watu na vifaa vya kutazamwa kwanza.

Nimefanya. Faili moja la CSV (jadweli la maandishi matupu) la wafanyakazi walioacha kazi, jengine la akaunti zenye mamlaka makubwa na kompyuta za uhasibu. Safu ya jina la akaunti nikaifanya SearchKey (safu ya kutafutia), kisha kwenye kanuni ya kutoa tahadhari nikaita _GetWatchlist (amri ya kuisoma orodha) na kuilinganisha na kumbukumbu za watu kuingia kwenye akaunti. Siku mbili sikupata kitu! Kumbe kwenye faili nimeandika majina matupu, na kumbukumbu zinaweka anwani nzima ya barua pepe. Nilijicheka mwenyewe.

Nilipoirekebisha, ya kwanza kuibuka ilikuwa akaunti ya kijana wa mapokezi aliyeondoka tangu msimu uliopita. Si mdukuzi, simu yake ilikuwa bado inavuta barua pepe za hoteli. Lakini akaunti ilipaswa kufungwa zamani.

Aliyenishauri nimtie na meneja mkuu kwenye orodha, ahsante, ila nimemtoa. Anasafiri mno, kila akishuka uwanja wa ndege king'ora kinalia.

Tabu iliyobaki ni kuwa orodha haijisasishi yenyewe ukiitupia faili. Dada wa utumishi amekubali kunipa majina kila Alkhamisi. Wiki hii keshasahau.