Ami yangu anaona vitu viwili viwili, shavu ganzi, sasa na sauti inakwenda. Nianzie wapi?

karafuu_mbichi (Wete): Assalaam alaykum. Ami yangu ana miaka 54, alianza kuona vitu viwili viwili, jicho la kulia likawa haliendi nje, kwa daktari wa macho wakasema macho mazima. Halafu shavu lile lile likafa ganzi, sikio likaziba, sasa akinywa maji yanampalia na sauti imekuwa ya puani. Sukari hana, presha hana. CT ya kichwa majibu hakuna kitu. Hospitali moja wakampa prednisoloni akapata nafuu kweli mpaka tukachinja kuku, vidonge vilipokwisha tu yakarudi yote na zaidi. Bibi anataka kombe, maji ya aya ya kunywa, wengine wanasema Dar, na hela yenyewe ya karafuu na msimu bado.

mzee_wa_baraza: Kiharusi hicho. Poleni.

bi_dawa: Mzee, kiharusi huja ghafla, hichi kinatambaa. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo wenyewe ni jozi 12, wa 6 unageuza jicho nje, wa 5 hisia za uso, wa 8 kusikia, wa 9 na wa 10 kumeza na sauti. Ukilala mmoja peke yake tungesema labda sukari, labda virusi, lakini ikifuatana hivi upande mmoja basi kuna kitu kwenye sakafu ya fuvu au kwenye utando wa ubongo. Na CT safi isikutulizeni, pale chini mifupa mingi, uvimbe mdogo unapita hauonekani. Inatakiwa MRI, picha ya sumaku, yenye dawa ya kung'arisha, na kwenye fomu iandikwe sakafu ya fuvu na nyuma ya pua, siyo "kichwa" tu.

Ila kabla ya hiyo ya pesa, daktari wa pua na koo ampitishie kamera puani, saratani ya nyuma ya pua hujificha hivo hivo na sikio kuziba upande mmoja ni dalili yake. Mpapaseni shingo kama ana tezi. Damu apimwe HIV na kaswende, apigwe picha ya kifua.

Hiyo nafuu ya prednisoloni ndo inanipa wasiwasi. Limfoma, saratani ya tezi, inanywea kwa steroidi kama hiyo, ukija kukata kinyama hakionekani kitu. Asimeze tena kiholela, na kama bado yumo kwenye vidonge asikate ghafla bila daktari.

mama_wa_michenzani: Kaka yangu hivo hivo, maji ya mgongo mara ya kwanza hayakuonesha kitu, waliporudia ndo ikaonekana TB ya utando wa ubongo. Dawa mwaka mzima, na steroidi wiki za mwanzo. Jicho limerudi, sikio mpaka leo halijarudi.

karafuu_mbichi: Hiyo sindano ya mgongo si ndo watu wanapooza? Mashangazi hawataki hata kuisikia.

bi_dawa: Kupooza ni nadra sana, inaingia chini kiunoni ambako uti wenyewe ushakwisha. Kichwa huenda kikamuuma siku mbili tatu. Wahakikishe tu kwanza hakuna presha ndani ya ubongo. Mimi kinachonitisha zaidi ni kupaliwa, chakula kinaingia mapafuni. Uji mzito badala ya maji matupu, akae wima, ainamishe kidevu akimeza. Na kombe anywe kama bibi anataka, ila kwa kijiko, polepole. Homa, pumzi kubana, au akianza kusinzia ovyo, usiku huo huo hospitali ya Abdulla Mzee.

mzee_wa_baraza: Na wasipoona kitu kabisa?

bi_dawa: Wapo, chanzo hakipatikani. Hao hupewa steroidi chini ya daktari wa mishipa ya fahamu, halafu MRI na maji ya mgongo vinarudiwa, maana kilichojificha mwanzo hutokeza baadae.

karafuu_mbichi: Nshafahamu. Nampeleka kwanza kwa daktari wa pua na koo.

mama_wa_michenzani: Chukua na ile CT ya zamani, filamu yenyewe siyo karatasi ya majibu. Na upige simu hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, uulize mashine ya MRI kabla hujakata tiketi ya boti.