Kuhamia Cedar Rapids kutoka Silver Spring: je, maisha ni nafuu kweli?

Mtoto wa Kirumba:

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa watu wanaoyaishi haya, si wa wanaoyasikia. Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 3, tunaishi Silver Spring, Maryland, na huu ni mwaka wetu wa tatu. Mimi nafanya kazi hotelini mjini Washington kwa dola 19.40 kwa saa, na mke wangu hutunza wazee majumbani siku 4 kwa wiki. Fleti yetu ya vyumba viwili vya kulala ni dola 2,150 kwa mwezi, na mkataba ukihuishwa mwezi Agosti itafika 2,240. Gari hatuna, mimi hupanda treni na yeye hupanda basi.

Shemeji yangu anayeishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, anatusihi tuhamie huko. Anasema kiwandani kwao wanaajiri kwa dola 18.50, fleti kama yetu haizidi dola 1,000, na Wakongomani na Warundi ni wengi kiasi kwamba ukienda dukani hukosi mtu wa kusalimiana naye kwa Kiswahili. Nimepiga hesabu nikaona kwamba hata nikipoteza senti 90 kwa saa, nitaokoa zaidi ya dola 1,100 kila mwezi kwenye kodi ya nyumba pekee. Hesabu imekuwa tamu mno hadi naiogopa. Ni kitu gani ambacho shemeji hajaniambia?

Papa wa Zamu ya Pili:

Kaka, karibu. Niko Cedar Rapids kwa miaka kadhaa sasa na ninafanya kazi kiwandani kwa mshahara huohuo uliotajiwa, kwa hiyo nitakuwekea hesabu yangu mwenyewe. Shemeji yako hajakudanganya. Amekuonyesha nyumba tu, hajakuonyesha gari.

Dola 18.50 kwa saa 80 ni dola 1,480 kila wiki mbili. Ukiwa na mke na watoto, na mshahara ukiwa mmoja, kodi ya mapato ya serikali kuu huwa ndogo sana, na ya jimbo la Iowa, ambayo tangu 2025 ni asilimia 3.8 kwa watu wote, nayo haikuumizi. Kinachokatwa bila kujali una watoto wangapi ni ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (mafao ya uzeeni na bima ya afya ya wazee), kisha bima ya afya ya familia, ambayo kwangu inakula dola 190 katika kila mshahara. Mkononi hufika kama dola 1,170, yaani 2,340 kwa mwezi wa mishahara miwili. Kwa kuwa tunalipwa kila wiki mbili, mwaka una mishahara 26, na miezi miwili katika mwaka huwa na mishahara mitatu. Miezi hiyo nimeitia alama kwenye kalenda ya jikoni kama watu wanavyotia alama sikukuu.

Sasa matumizi. Nyumba ni dola 975. Umeme na gesi ni 140 wakati wa joto, na mwezi Januari hupita 230, kwa sababu hapa baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na huwezi kuzima mashine ya joto mabomba ya maji yasigande. Simu na intaneti ni 130. Chakula ni 600, tena tukipika kila siku. Mpaka hapo unaona tunapumua. Halafu linakuja gari: mkopo dola 310, bima 165, mafuta 130. Jumla ni dola 605, karibu theluthi mbili ya kodi ya nyumba, na sijataja tairi wala betri. Ukijumlisha vyote unapata 2,450, nami napokea 2,340. Ndiyo maana mke wangu naye anafanya kazi.

Kuhusu mkopo huo, nikueleze ili usije ukafanya kama mimi. Nilipofika sikuwa na historia yoyote ya mikopo, nikaingia kwenye yadi ya magari nikiwa na haraka, nikapewa gari la dola 10,400 kwa riba ya asilimia 19 kwa miezi 48. Nikimaliza nitakuwa nimelipa karibu dola 14,900 kwa gari ambalo leo halina thamani ya nusu yake. Wewe una miaka mitatu nchini na pengine una kadi ya mkopo ya benki unayoilipa vizuri. Nenda kwanza kwenye chama cha akiba na mikopo ukaulize riba yao kabla hujakanyaga yadi yoyote.

Usiniambie kwamba utapanda basi. Nilipofika hapa mabasi ya mji hayakuwa yakitembea Jumapili, na jioni yalikuwa yakilala mapema, ilhali zamu ya pili kiwandani inaisha saa tano na nusu usiku. Kwa mwaka mzima tulikuwa na gari moja. Mke wangu alikuwa na zamu ya tatu, kwa hiyo saa tano usiku alikuwa akiwafunga watoto kwenye viti vyao vya gari wakiwa wamelala, katika nguo za kulalia na blanketi juu, anaendesha maili 9 hadi kwenye maegesho ya kiwanda changu. Mimi nikitoka nampeleka kazini kwake, kisha narudi nyumbani na watoto walewale, ambao asubuhi hawakujua kama walitoka. Siku gari lisipowaka, mishahara miwili ilikuwa imesimama kwa pamoja.

Dada wa Iowa City:

Kaka, mimi ni Mkenya, niko maili 27 kusini mwa hapo, na ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Papa amesema kweli, ila ameruka mtoto wa miaka 3, labda kwa sababu wao walipishana zamu. Mimi sikuweza kupishana na mtu. Kituo cha kulelea mtoto kilinitoza dola 215 kwa wiki, na wiki ambayo mtoto ana homa na hakwenda, nililipa vilevile. Iowa hugharimia shule ya awali kwa watoto wenye umri wa miaka 4, kwa hiyo wa kwenu akifikisha umri huo mtapata nafuu, lakini masomo hayo ni ya saa chache, nayo hayalingani hata kidogo na zamu ya saa 8. Uliza kwanza huko Silver Spring nani anamshika mtoto mama akiwa kazini. Kama ni jirani au shangazi asiyetoza, basi huyo naye ana thamani ya fedha, na hamhami naye.

Kwa upande wa chakula, Iowa haitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vya kupika nyumbani, wakati bidhaa nyingine mjini Cedar Rapids hutozwa asilimia 7. Jambo la kuchekesha ni kwamba mtazungukwa na mahindi kila upande, kwa kuwa jimbo hili ndilo linaloongoza nchini kwa zao hilo, lakini ni ya njano, ya mifugo na ya ethanoli. Unga wa sembe mtaununua dukani kwa bei ileile ya Maryland. Na kile mnachotuma nyumbani hakipungui hata senti, kwa maana mama yako hajui kama mmehamia mji wa bei nafuu.

Aliyerudi Maryland:

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Niliishi katika mji mdogo wa jimbo jirani kwa miezi 14. Nyumba ilikuwa nafuu kweli, na gari nilikuwa nalo. Kilichonirudisha ni kwamba kiwanda kilipopunguza saa kutoka 40 hadi 28 hapakuwa na pengine pa kukimbilia; kima cha chini cha mshahara huko ni kilekile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, na kazi zilizobaki zilikuwa zikilipa 11 au 12. Hapa hoteli ikikupunguzia saa, unavuka barabara.

Papa wa Zamu ya Pili:

Hoja yako ni nzito, lakini inategemea mji. Kima cha Iowa nacho ni 7.25, hakijapanda tangu 2008, ila Cedar Rapids si mji wa kiwanda kimoja. Una watu kama 137,000, kuna hospitali mbili kubwa, kampuni ya vifaa vya ndege ya Collins Aerospace, na kiwanda cha nafaka cha Quaker, ambao siku wakioka nafaka zao mji mzima hunukia kama uji wenye sukari. Mtu wa zamu ya usiku hapa hubadilisha kazi bila kubadilisha nyumba. Lakini azibadilishe akiwa na gari.

Mtoto wa Kirumba:

Nimewaelewa, na nawashukuru sana. Mtoto wetu hushikwa na bibi wa Kihabeshi wa ghorofa ya chini kwa dola 60 kwa wiki, na sikuwahi kumweka kwenye hesabu. Nikitoa gari moja, kituo cha mtoto na joto la nyumba, zile dola 1,100 zimekwisha, tena nadaiwa. Tukipishana zamu, zinabaki kama 400. Jioni hii nitampigia shemeji nimuulize kiwanda kiko umbali gani kutoka kwenye fleti anazozisema.

Dada wa Iowa City:

Muulize pia zamu ya wageni huanza saa ngapi, na dhamana ya nyumba ni ya miezi mingapi, maana sheria ya Iowa hairuhusu mwenye nyumba adai zaidi ya miezi miwili. Na yeye mwenyewe ana magari mangapi?