Naomba ushauri: mke mjamzito, malaria haituachi

Habari za humu wakuu. Tunaishi Igombe, hapa Mwanza, karibu kabisa na ziwa. Mke wangu ana mimba ya miezi sita na ameshaugua malaria mara mbili. Juzi kipimo cha wingi wa damu kimesoma 8. Mtoto wetu wa miaka miwili naye kamaliza dawa mseto wiki iliyopita. Kliniki mke wangu alipewa SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, vile vidonge vitatu, akatapika palepale, maana alienda na njaa. Sasa mama mkwe kakataza asimeze tena, eti zinaharibu mimba. Chandarua cha kliniki nimekikuta uani kimeanikiwa dagaa (shemeji huyo!). Kinamama mliopitia haya, mliimezaje SP ikakaa tumboni? Arudi kliniki sasa hivi au asubiri mwezi uishe? Na mama mkwe nimwambieje?