MRI ya mishipa ya shingo kwa mtu asiyeumwa: kinga au biashara?

Mleta mada: Wakuu, siku hizi kwenye vifurushi vya "kucheki afya yote" imeongezwa MRI ya shingo (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili), kuangalia mafuta yaliyoganda kwenye kuta za ateri zinazopeleka damu kwenye ubongo. Wauzaji wanasema mafuta hayo yakipasuka bonge la damu linapanda kichwani, unapata kiharusi, kwa hiyo wahi kupima.

Mimi napinga. Marekani, ambako mashine hizi zimejaa, jopo la taifa linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilitamka mwaka 2014, likarudia 2021, kwamba mtu asiye na dalili asichunguzwe kama ateri za shingo zimebana. Piga hesabu. Watu 1,000, kati yao 10 kweli mshipa umebana vibaya. Kipimo kikikosea kwa wazima 8 tu katika kila 100, karibu watu 80 watarudi nyumbani na ugonjwa wasiokuwa nao. Hapo ndipo vipimo vingine vinaanza, na wachache wataishia kwenye kisu, ambacho chenyewe huweza kuleta kiharusi.

Mdau wa mionzi: Mkuu, umechanganya mambo mawili. Jopo lile lilizungumzia kubana, na kubana huanza kupimwa kwa ultrasaundi. MRI ya ukuta wa mshipa inatafuta kitu kingine: mafuta yenyewe ni ya aina gani. Tunapanga mashine ili damu inayopita itoke nyeusi, ukuta uonekane. Hapo unaona kama mafuta ni laini, kama ngozi iliyoyafunika ni nyembamba au imechanika, na kama damu imevujia ndani ya ukuta. Damu hiyo hung'aa nyeupe, huwezi kuikosa. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotoka 2013 ulikuta mwenye nayo ana hatari zaidi ya mara tano ya kupata kiharusi au dalili zake.

Tangu NASCET, utafiti wa 1991 wa upasuaji wa ateri za shingo, uliofanywa kwa watu waliokwisha kupata dalili, tumeshika asilimia: mshipa ukibana 70 na zaidi, upasuaji unasaidia sana. Sasa mwenye 40 na damu ukutani tumwambie akalale tu?

Mchangiaji mwingine: Nyie mnaongelea mashine, mimi nimemuuguza mama. Alipoingizwa kwenye lile bomba la mashine ya MRI aliambiwa asimeze mate wakati linagonga. Mtu mzima, koo limekauka, akameza. Picha zikatoka na ukungu, zikarudiwa, na kiuno kinamuuma. Lakini yeye alikuwa ameshapata kile kiharusi cha kupita, mkono ulikufa ganzi kisha ukarudi. Kwake sikuona hasara, daktari alikuwa na jambo la kuamua. Jirani yangu anayekimbia kila asubuhi anaamua nini?

Mleta mada: Dada, pole kwa kuuguza, na hapo ndipo penyewe. Na wewe mtu wa mionzi, mwenye dalili sina ugomvi naye. Nijibu kuhusu huyo mkimbiaji: damu ikionekana ukutani, utampa nini ambacho usingempa bila picha? Utamwambia ashushe presha, aache sigara, na lehemu ikiwa juu ameze statini, dawa ya kuishusha. Presha tunaipima kwa mashine ya kufunga mkononi.

Mdau wa mionzi: Nitampa sababu ya kuzimeza. Wangapi wanaandikiwa statini wakaacha baada ya mwezi kwa sababu hawaumwi popote? Kaskazini mwa Uswidi, jimbo la Västerbotten, watu zaidi ya 3,000 walipimwa shingo. Nusu yao walitumiwa picha ya mishipa yao na maelezo, wao na madaktari wao. Baada ya mwaka hatari yao ya ugonjwa wa moyo na mishipa, kwa hesabu za daktari, ilikuwa chini kuliko ya wenzao wasioonyeshwa kitu.

Mleta mada: Utafiti huo naufahamu, na ni mzuri. Lakini picha zile zilikuwa za ultrasaundi, mkuu. Haina bomba, haina kukatazwa kumeza mate, na bei haikaribiani na ya MRI. Wenye vifurushi wakiweka hiyo, halafu wakampigia mteja simu mwezi wa tatu kumuuliza kama bado anameza dawa, nitanyamaza.

Mchangiaji mwingine: Hiyo simu ndiyo hawataiweka kwenye kifurushi.