Les Paul au Stratocaster kwa bega linalouma: uzito, vanishi na sauti

Solo_wa_Usiku
Ndugu wanachama, napiga gitaa la solo katika bendi ya dansi, na maonyesho yetu huanza saa tatu usiku yakaisha karibu saa nane, muda wote nikiwa nimesimama. Les Paul yangu, gitaa la umeme la kampuni ya Gibson, ina kilo 4.4, na bega la kushoto limeanza kulalamika. Nimeonyeshwa Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, ya kilo 3.4, lakini nahofia kuipoteza sauti nene niliyoizoea. Je, kilo moja ya mbao husikika, au hubebwa tu?

FundiMsasa
Hubebwa tu, ndugu yangu, au karibu na hivyo. Unene unaoupenda unatokana zaidi na pikapu, yaani vifaa vya sumaku na koili vinavyonasa mtetemo wa nyuzi: za Les Paul yako bila shaka ni za koili mbili, ambazo hufuta mvumo wa umeme na kutoa sauti iliyojaa, ilhali Stratocaster ya kawaida ina pikapu za koili moja, zenye sauti angavu na kali. Isitoshe, sehemu ya uzi inayotetema ni takriban milimita 628 katika Les Paul na 648 katika Stratocaster, hivyo nyuzi za unene uleule hukazwa zaidi katika hiyo ya pili. Gibson wenyewe walianza kutoboa mashimo ndani ya mwili wa Les Paul katika miaka ya 1980 ili kupunguza uzito, na sauti haikugeuka kuwa ya gitaa jingine.

Ridhimu_Kongwe
Nakubaliana na fundi, ila mizani si kilo peke yake. Stratocaster tangu ilipotoka mwaka 1954 imechongwa nyuma kufuata mbavu na mbele kupokea mkono, wakati ukingo wa Les Paul hukata mkono wa kulia kufikia wimbo wa kumi. Ukitaka koili mbili bila mzigo, itazame SG, gitaa jingine la Gibson: ni nyembamba, na nyingi zina kilo 3 hivi. Kasoro yake ni kwamba ukiachia shingo, kichwa huzama, na mkono wa kushoto unageuka mpagazi. Mkanda wenye upande wa ndani usioteleza husaidia.

Pwani_Joto
Mmesahau vanishi. Huku Mombasa jasho hulifanya koti linalong'aa la shingo linate kama gundi, liwe la nitroselulosi au la poliyurethani, aina mbili za vanishi ya gitaa. Nitroselulosi ni nyembamba na huzeeka vizuri machoni, lakini hulainika kwa jasho, na stendi yenye mpira huiacha na alama zisizofutika. Kwamba "huiacha mbao ipumue" na kuboresha sauti, katika gitaa lenye mwili usio na uwazi mimi sijawahi kulisikia hilo. Mimi nilisugua nyuma ya shingo kwa sufi ya chuma laini kabisa, na mkono sasa unateleza. Funika pikapu kwa utepe kwanza, maana sumaku hunasa vumbi la chuma, na kulitoa ni adhabu.

Solo_wa_Usiku
Ahsanteni. Wikendi hii nitaanza na mkanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 10 badala ya huu wa 5. Fundi, ukipata SG mezani kwako, nijulishe nije nisimame nayo saa nzima kabla sijauza chochote.