Gadi wa chuo anayefunga sana: tutajuaje kama ataweza ligi ya kulipwa?

Mtazamaji wa Lugogo, Kampala

Ndugu zangu wapenzi wa mpira wa kikapu, naomba msaada wa mawazo katika jambo lililotugawa sisi tunaokutana Lugogo siku za mechi za ligi. Kuna kijana ambaye wazazi wake walitoka Mbarara, anayecheza nafasi ya gadi, yaani mchezaji wa nje anayeuleta mpira mbele na kuanzisha mashambulizi, katika chuo kimoja cha wastani huko Marekani. Jina lake siliweki hapa kwa kuwa bado ni mwanafunzi na hajaomba kujadiliwa. Yeye ndiye mfungaji mkuu wa timu yake, mpira hukaa mikononi mwake karibu kila shambulio, na video zake fupi zinasambaa kwenye simu za vijana wa hapa kana kwamba tayari ameshaingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani.

Wenzangu wengi wanasema mtu anayefunga kiasi hicho hawezi kukosa nafasi. Mimi nasita, kwa sababu nimewaona wafungaji wakubwa wa vyuo wakififia mara tu wanapoanza kulipwa, lakini nikiulizwa ni kitu gani hasa ninachokitilia shaka, nakosa la kusema. Mtu akitaka kumpima gadi wa chuo kwa haki, aangalie nini kwanza, na apuuze nini?

Kocha wa Jinja

Ndugu Mtazamaji, shaka yako ina msingi. Chukua drafti ya mwaka 2011, yaani usiku ambao timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Jimmer Fredette wa Brigham Young alikuwa ameongoza vyuo vyote vya Marekani kwa wastani wa pointi 28.9 kwa mechi. Akachaguliwa wa 10, na haki zake zikahamishiwa timu ya Sacramento. Sacramento hao hao, usiku huo huo, walimchukua Isaiah Thomas wa Chuo Kikuu cha Washington akiwa mchezaji wa 60, yaani wa mwisho kabisa, kwa kuwa kimo chake cha mita 1.75 kiliwatia watu wasiwasi. Fredette hakupata kuwa gadi wa kutegemewa katika NBA, ingawa baadaye alifunga sana kule China. Thomas, akiwa na Boston msimu wa 2016-17, alimaliza na wastani wa pointi 28.9, tarakimu ile ile ambayo mwenzake aliifikia chuoni.

Kwa maoni yangu, tofauti yao ilikuwa katika namna walivyozipata pointi hizo. Chuoni Fredette alikuwa na ruhusa ya kutupa kutoka popote na wakati wowote, na timu nzima ilipangwa kumzunguka. Alipofika mahali ambapo ruhusa hiyo hupewa mtu mmoja au wawili tu, na ambapo anayemkaba ana miguu myepesi kuliko yake, hakuwa na kazi ya pili ya kufanya. Thomas aliweza kumwacha mtu kwa hatua ya kwanza, akaingia ndani, akapigiwa faulo, na hayo aliyafanya hata alipokuwa akitokea benchi.

Ndiyo maana swali ninalojiuliza kuhusu gadi yeyote ni hili: akinyang'anywa mpira, atabaki na nini? Novemba 2008 Loyola ya Maryland iliamua kuweka watu wawili wa kumkaba Stephen Curry, gadi wa chuo cha Davidson, mechi nzima. Yeye akasogea pembeni na kusimama huko, akamaliza bila pointi hata moja, na Davidson ikashinda 78 kwa 48 kwa sababu wenzake walikuwa wakicheza wanne dhidi ya watatu. Aliyesoma takwimu peke yake asubuhi iliyofuata angesema kijana amezimwa. Kocha aliyeitazama mechi ile angeona mtu anayejua uzito wake uwanjani hata asipogusa mpira. Mtazame kijana wako dakika ambazo mpira uko kwa mwenzake: je, anatembea kuelekea mahali pa kutupia, au anasimama ameweka mikono kiunoni akisubiri zamu yake?

Mhasibu wa Tororo

Nakubaliana na Kocha, ila nisingependa takwimu zitupwe zote pamoja na wastani wa pointi. Zipo zinazosafiri vizuri kutoka chuo hadi ligi ya kulipwa, na zipo zinazobaki chuoni. Mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, ni ya kundi la kwanza. Umbali wake ni ule ule kila mahali, hakuna anayekukaba, na gadi anayecheza mara kwa mara hutupa mingi ya kutosha kuonyesha mkono wake. Asilimia ya pointi tatu katika msimu mmoja wa chuo, wenye mechi thelathini na kitu, inaweza kupandishwa na wiki mbili za bahati. Kijana anayefunga pointi tatu kwa wingi lakini anakosakosa mitupo huru hunitia mashaka kuliko yule ambaye hali yake ni kinyume cha hiyo.

Zingatieni pia mstari wenyewe wa pointi tatu. Chuoni, kama katika mechi za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, uko mita 6.75 kutoka kwenye kikapu. NBA uko mita 7.24 mbele ya kikapu na hukaribia hadi mita 6.70 kwenye kona. Anayetupa akiwa amekanyaga karibu na mstari wa chuo bado ana nusu mita ya kuthibitisha. Vilevile chuoni shambulio lina sekunde 30, ilhali NBA na FIBA ni 24, kwa hiyo gadi aliyezoea kudunda mpira akitafakari kwa sekunde kumi atajikuta saa inamkimbiza.

Halafu kuna umri, jambo ambalo video hazilisemi kamwe. Mwenye miaka 23 anayewaonea wenye miaka 18 ameonyesha kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Dada wa Mbale

Nimecheza gadi katika timu ya chuo hapa Uganda, na nasema kwa heshima kwamba Kocha amekuwa mkali kidogo kwa wale wanaoshika mpira sana. Trae Young alipokuwa Oklahoma msimu wa 2017-18 alishika mpira kuliko karibu gadi yeyote, na baada ya mwaka huo mmoja tu alichaguliwa wa 5, akawa nguzo ya Atlanta. Lakini kumbukeni kwamba msimu huo aliongoza vyuo vyote kwa pointi na pia kwa pasi za kufungisha. Wapinzani walipomfuata wawili, pasi ilikuwa imeshatoka. Mfungaji ambaye watu wawili wakimjia hupoteza mpira, au hulazimisha mtupo, hayuko katika kundi lake.

Na mbona hakuna aliyetaja kukaba? Makocha wa kulipwa humtafuta mchezaji dhaifu upande wa ulinzi na kumshambulia usiku kucha, wakimpangia skrini, yaani mchezaji wa kumzuia njia, hadi abaki ana kwa ana na mtu mkubwa. Fred VanVleet hakuchaguliwa kabisa mwaka 2016 baada ya miaka minne Wichita State, na hana kimo cha kujivunia, lakini alikuwa na nguvu za mwili, alikaba kwa bidii, na hakuuchezea mpira ovyo. Mwaka 2019 alikuwa bingwa na Toronto.

Mtazamaji wa Lugogo, Kampala

Nawashukuru sana. Naona nimekuwa nikiuliza habari za NBA peke yake, wakati huenda kijana akafaa mahali pengine. Je, vipimo ni vile vile?

Kocha wa Jinja

Si vile vile. NBA ina timu 30 zenye nafasi 15 za kawaida kila moja, na nyingine tatu za mkataba wa kugawana na ligi ndogo, basi. Nje ya hapo kuna maisha. Ishmail Wainright, ingawa yeye ni fowadi, hakuchaguliwa alipotoka Baylor; alipitia Ujerumani na Ufaransa, akaivalia Silverbacks, timu yetu ya taifa, katika AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, ya 2021 kule Kigali, ndipo akafika NBA.

Kanuni nazo hubadilisha thamani ya mtu. Katika NBA anayelinda hawezi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu. FIBA hakuna katazo hilo. Gadi ambaye silaha yake ni kuingia ndani anaweza kuona njia nyembamba zaidi Ulaya, au katika BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, ambako City Oilers wetu walicheza mwaka 2023 na 2024, kuliko ambavyo angeona Marekani. Mtupaji mwenye akili, hata asiye na kasi ya ajabu, hupata riziki nzuri huko.

Kwa hiyo usinitumie video zake fupi. Nitafutie mechi nzima za Novemba na Desemba, ambapo vyuo vya wastani hualikwa na vile vikubwa, na hasa zile ambazo timu yake ilishindwa. Nikishaona anavyokaba dakika ya 35 akiwa amechoka na wenzake wameshakata tamaa, nitakuwa na la kukuambia.