Usaidizi wa kisheria: stashahada ya Kampala au cheti cha miezi mitatu?

Karani wa Busia:
Ndugu zangu, huu ni mwaka wa nne nikiwa karani katika ofisi ya wakili hapa Busia, Uganda, ambako huchapa hati za viapo na kupeleka majalada mahakamani. Nimemaliza kidato cha sita. Chuo cha binafsi kilicho karibu kinatoa cheti cha usaidizi wa kisheria kwa miezi mitatu, ilhali stashahada ya sheria ya Law Development Centre, chuo cha serikali cha mafunzo ya sheria, itanilazimu kupanga chumba Kampala. Nichague ipi?

Mzee wa Majalada:
Mwanangu, kabla hujalinganisha ada, amua unataka kufanya kazi wapi. Ukikusudia kuendelea katika ofisi za mawakili, na pengine baadaye kuomba nafasi ya shahada, nenda Kampala, kwa sababu stashahada hiyo inajulikana mahakamani. Usiichanganye tu na kozi ya uwakili inayofundishwa hapohapo kwa wenye shahada ya sheria. Stashahada haitakuruhusu kumtetea mtu mbele ya hakimu kama wakili.

Binti wa Tororo:
Mimi nilikimbilia cheti cha haraka. Nilipoomba kazi niliulizwa kama kozi ile imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, nikakosa jibu, na ada ilikuwa imekwisha kulipwa. Ulizia idhini ya kozi yenyewe, maana chuo chaweza kuwa na leseni huku kozi haina.

Mjitolea:
Sipingi, ila kozi fupi isidharauliwe kwa anayetaka kuwahudumia wanakijiji chini ya shirika la msaada wa kisheria. Juzi mama mjane aliniletea mkataba wa shamba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, una alama za vidole gumba, na mpaka wake ni mwembe uliokwisha kukatwa. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta mashahidi waliobaki hai na kumwandaa mama kwa mahakama ya LC, yaani ya baraza la mtaa. Siku nyingine huwa kituoni, nikiwaeleza jamaa za mahabusu kwamba dhamana ya polisi hailipiwi na kwamba Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwa hiyo, chuo chochote utakachokwenda, uliza wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi. Wakikujibu kwamba yote humalizikia darasani, ondoka.

Karani wa Busia:
Nashukuru, wazee wangu. Kesho nitapita katika kile chuo cha hapa kuomba nione barua ya idhini ya kozi, na nisipoonyeshwa, nitaanza kutafuta chumba Kampala.